Yuplón, Embe Sakua na Mkrismasi Nilioufuta

Neno lililonifundisha adabu ya kusahihisha mashairi ya wengine si la Kiswahili. Ni la Kihispania cha Kosta Rika, na ni jina la mti: yuplón. Nilikutana nalo katika simulizi fupi ya utotoni, ya mzee mmoja wa Limón, bandari ya Kosta Rika iliyoelekea Bahari ya Karibi. Nilikuwa nikiitafsiri kwa ajili ya kujinoa tu, maana Kihispania nilijifunza ukubwani, na lugha ya ukubwani hushika kutu upesi. Katika simulizi hiyo watoto walikuwa wakipanda mti uliokuwa nyuma ya nyumba, wakichuma yuplones mabichi, wakiyachovya katika chumvi na kuyala hadi meno yakafa ganzi.

Kamusi yangu haikuwa na neno hilo. Nikaanza kulipasua kwa kanuni nilizozijua. Katika Kihispania kiambishi -ón hukuza: caja ni sanduku, na cajón ni sanduku kubwa, silla ni kiti, na sillón ni kiti kikubwa cha kuegemea. Basi nikatafuta yuplo au yupla, kitu kidogo ambacho yuplón ingekuwa ukubwa wake. Sikukiona. Nikadhani kwamba labda neno ni la wenyeji wa kale wa nchi zile, kwa kuwa majina mengi ya miti ya Amerika ya Kati yametokana nao. Aguacate, yaani parachichi, na jocote, tunda dogo chachu linalopendwa sana Kosta Rika, yote mawili asili yake ni Kinahuatl, lugha ya Meksiko. Njia hiyo nayo haikunifikisha popote. Mwisho nikafanya afanyalo mfasiri aliyechoka. Nikaandika «matunda ya kigeni», nikaendelea na sentensi iliyofuata.

Nilimpelekea rasimu rafiki yangu mmoja anayefundisha Kihispania huko San José. Alinijibu kwa picha na ushauri mmoja: nilitamke neno lile kwa sauti, kisha nilitamke tena kana kwamba mimi ni Mjamaika.

Nilianza na picha, na aibu ikanishika. Lile tunda la kigeni lilikuwa embe sakua. Nililijua kwa namna yalivyoning'inia mashada mashada kwenye vikonyo virefu, mabichi ya kijani na mabivu ya manjano, kila moja kadiri ya yai la kuku au kulizidi kidogo. Mti wake ulikuwa uani kwa bibi yangu, Unguja. Sisi wajukuu tuliyala mabichi kwa chumvi na pilipili, na bibi alituonya tusiume kwa pupa, kwa sababu kokwa ya tunda lile ina nyuzi ngumu kama miiba, na mwenye tamaa huchomwa fizi. Bibi aliliita embe sakua. Jirani yetu aliliita embe kizungu. Mimi, mjukuu wa uani hapo hapo, nilikuwa nimeliita tunda la kigeni.

Kisha nikalitamka neno. Yu-plon. Nikalitamka tena, na nyuma ya Kihispania nikasikia Kiingereza: «Jew plum», plamu ya Myahudi. Ndilo jina ambalo Wajamaika wamelipa tunda hilo.

*

Naomba msomaji anivumilie nilipasue neno hili silabi kwa silabi, maana utamu wake umo ndani, kama wa nazi.

Sauti inayoanza neno la Kiingereza «Jew», ile ambayo sisi huiandika kwa j kama katika jembe, haina herufi yake katika Kihispania. Herufi j ya Kihispania hutamkwa kama kh yetu ya Kiarabu, au kama h kavu. Sauti iliyo karibu zaidi na j ya Kiingereza ni ile iandikwayo kwa y. Ndiyo maana fulana ya sufu iitwayo «jersey» imekuwa yérsey, na katika Jamhuri ya Dominika gari la aina ya «jeep» limezaa neno yipeta. Kwa hiyo «Jew» ikawa yu bila shida yoyote.

Silabi ya pili ina mambo mawili. La kwanza ni irabu. Mwingereza wa London hutamka irabu ya «plum» karibu na a yetu, ndiyo maana Waswahili tumepata plamu. Mjamaika huitamka karibu na o. Mtu wa Limón hakusoma neno hili kitabuni, alilisikia kinywani mwa Mjamaika, akapata plom. La pili ni konsonanti ya mwisho. Kihispania hakipendi neno limalizikie kwa m. Adam kwao ni Adán, Jerusalem ni Jerusalén, na pombe ya miwa iitwayo «rum» kwa Kiingereza ni ron. Sisi nasi hatupendi neno limalizikie kwa konsonanti, tukaongeza irabu: Adamu, Yerusalemu. Kila lugha humvua mgeni viatu mlangoni, ila kila moja ina namna yake ya kumvua.

Hivyo plom ikawa plon. Na neno la Kihispania linaloishia -ón lenye mkazo mwishoni lina ndugu wengi wa kulipokea: melón, limón, na hata jina la mji wenyewe, Limón. Mkazo ukahama kutoka silabi ya kwanza, ambako Mwingereza huuweka, ukaenda mwishoni. Wingi ukapatikana kwa kanuni ya nyumbani: yuplón moja, yuplones wengi. Maneno mawili ya Kiingereza yakayeyuka yakawa neno moja la Kihispania, lililovaa vizuri kiasi kwamba mimi, mwenye kamusi mkononi, nilitafuta asili yake kila mahali isipokuwa katika Kiingereza.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nisilale mapema usiku ule. Huko Jamaika tunda hili lina majina mawili yanayofanana. Wengine husema «Jew plum», na wengine husema «June plum», plamu ya Juni, jina ambalo leo hupendelewa zaidi. Ni lipi kati ya hayo lililovuka bahari kwenda Limón? Neno lenyewe linatoa ushahidi. Lau watu wa Limón wangalisikia «June plum», wangalisema yumplón, na sauti mpl haimpi taabu yoyote msema Kihispania. Husema templo kwa hekalu, ejemplo kwa mfano, cumplir kwa kutimiza. Hawakuwa na sababu ya kuiacha m njiani. Hawakuiacha, haikuwapo. Waliolileta neno hili walisema «Jew plum», na hata kama jina hilo lingesahauliwa Jamaika yote, Kihispania cha Limón kingebaki kulitolea ushahidi. Herufi moja isiyokuwapo imetunza kauli ya wahamiaji kwa zaidi ya kizazi kimoja.

*

Wahamiaji hao walikuwa nani, na kwa nini walipanda meli?

Mwaka 1871 serikali ya Kosta Rika ilitia saini mkataba wa kujenga reli kutoka nyanda za juu za San José hadi pwani ya Karibi, ili kahawa ipate njia fupi ya kwenda Ulaya. Pwani ile ilikuwa msitu, mvua na malaria. Kuanzia 1872 wakaletwa vibarua kutoka Jamaika. Utumwa ulikuwa umekwisha Jamaika tangu miaka ya 1830, lakini ardhi na ujira mzuri havikuja pamoja na uhuru, na kwa vijana wengi meli ilikuwa ndilo shamba pekee walilogawiwa. Reli ilikamilika mwaka 1890. Minor Keith, Mmarekani aliyeisimamia, alikuwa amekwisha kupanda ndizi kandokando yake, na biashara hiyo ikaingia katika kampuni ya United Fruit iliyoundwa mwaka 1899. Wajamaika wakatoka kwenye reli wakaingia mashambani. Marcus Garvey mwenyewe alifanya kazi huko Limón akiwa kijana, yapata 1910, kabla dunia haijalijua jina lake.

Watu hawa walibeba vyakula vyao pamoja na majina yake. Samaki na mihogo waliopikwa kwa tui la nazi, chakula ambacho Mswahili wa pwani angekaa jamvini akakila bila kuuliza maswali, huitwa «run down» kwa Kiingereza cha Jamaika. Limón kikawa rondón. Sambusa yao ya kuoka, «patty», ikawa patí. Hata jina la lugha yao ya Krioli huko Limón, mekatelyu, ni sentensi nzima ya Kiingereza cha Kijamaika iliyogandishwa ikawa neno: ngoja nikwambie. Yuplón ni mmoja wa ndugu hao.

Nao mti ulikuwa umekwisha kusafiri kabla ya watu. Asili yake ni visiwa vya Pasifiki, tangu Melanesia hadi Polinesia. Sydney Parkinson, mchoraji aliyesafiri na Kapteni Cook, ndiye anayetajwa na wanabotania kwa jina lake la kitaalamu, Spondias dulcis, lililochapwa mwaka 1773 yeye akiwa amekwisha kufariki. Ulifikishwa Jamaika mwaka 1782. Miaka kama kumi baadaye ukaletwa tena na Kapteni William Bligh, yule ambaye mabaharia wake walimwasi katika meli ya Bounty mwaka 1789. Safari hii alikuwa na meli ya Providence, iliyofika Jamaika mwaka 1793 ikiwa imesheheni mishelisheli, kwa sababu wenye mashamba walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Na hapo tukumbuke kwamba sisi nasi mshelisheli tunauita kwa jina la visiwa vya Shelisheli. Majina ya miti hupenda kutaja njia ya bahari.

Basi tunda la Pasifiki likapewa na Waafrika wa Jamaika jina linalomtaja Myahudi, na jirani yetu wa Unguja akalipa jina linalomtaja Mzungu. Si Myahudi wala Mzungu aliyekuwa mwenye mti. Aliyekosea kidogo kuliko wote ni bibi yangu, aliyeliita embe. Maana Waingereza walipoliita plamu walilipeleka katika ukoo usio wake, ilhali mti huu na mwembe ni wa ukoo mmoja, pamoja na mkorosho na mng'ong'o. Bibi hakusoma botania. Alionja, alinusa utomvu, akasema ni embe la namna yake.

*

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya, nalo halinipi sifa.

Wasema Kihispania wa Kosta Rika hawakukosa jina la kuupa mti ule. Walikuwa na neno ciruela, ambalo ndilo plamu. Walikuwa na jocote, jina la ndugu yake wa karibu kabisa, wa jenasi ile ile ya Spondias. Wangaliweza kuuita jocote kubwa au ciruela ya ng'ambo, na wasafi wa lugha wangalifurahi. Wakauita yuplón, kwa sababu aliyeupanda na aliyeyauza matunda yake aliuita hivyo, na jina hufuata mkono unaouza.

Tukumbuke pia mkono huo ulikuwa na hali gani nchini. Ndizi za Karibi zilipoharibiwa na maradhi, kampuni ikahamia pwani ya Pasifiki, na sheria ya mwaka 1934 ikakataza watu weusi wasiajiriwe katika mashamba hayo mapya. Watoto wao waliozaliwa Limón, wa baba na mama waliojenga reli ya nchi, wengi waliishi bila uraia. Mlango ulifunguka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1948. Baadaye wakatokea waandishi kama Quince Duncan na mshairi Eulalia Bernard, wakaandika Limón kwa Kihispania, wakiwa Wakosta Rika kamili. Lakini neno yuplón halikungoja sheria. Lilikuwa limekwisha kuingia sokoni na jikoni, likapata wingi wake na mkazo wake. Liliingia katika lugha ya taifa kabla ya wenye neno kuingia katika taifa.

Niliposoma hayo nilimkumbuka binti mmoja kutoka Tanga.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kikundi kidogo cha kuhakiki mashairi yaliyoletwa kwa ajili ya diwani. Binti huyo alileta shairi la tarbia, beti nane, lililoanza hivi:

Mkrismasi wawaka, mlangoni pa babangu

Wenzangu wa bara na pwani wanaujua mkrismasi. Ni ule mti wa kivuli kipana wenye maua mekundu kama moto, ambao kwetu huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, na ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mti wenyewe ni wa Madagaska. Jina lake ni neno la Kiingereza lililovikwa m- ya ngeli ya miti. Nami wakati ule nilikuwa na msimamo mkali kuhusu maneno ya Kiingereza katika shairi la arudhi. Nililipigia mstari. Pembeni nikaandika: «Mwanangu, Kiswahili kina maneno yake.» Nikaongeza hoja ya mizani, kwamba neno lile lina s iliyosimama bila irabu, msomaji mmoja ataihesabu na mwingine hataihesabu, na mshororo wa nane kwa nane haupaswi kumtegemea msomaji. Kisha nikampa tiba:

Mti mwekundu wawaka, mlangoni pa babangu

Mizani minane kwa minane. Nilihesabu kwa vidole nikaridhika. Yeye alijibu kwa heshima kwa sentensi mbili. Alisema ahsante, mwalimu. Na aliomba arudishiwe shairi lake. Nilidhani amekasirika kama vijana wanavyokasirika. Nikalisahau.

Tazama unafiki wangu. Mimi niliyekataa mkrismasi nilikuwa nikitumia mkaratusi bila kuona haya. Mkaratusi nao ni Kiingereza, na nyuma ya Kiingereza ni Kiyunani. Neno «eucalyptus» tulilikata kichwa, tukageuza l ikawa r, tukalivika m-, na leo hakuna mshairi anayeulizwa pasipoti yake. Watu wa Limón waliishika ile yu ya mwanzo wa neno lao, sisi ya kwetu tukaitupa, na kila mmoja akapata mti. Kama ningekuwa mkweli, ningalifuta pia mpera na mnanasi, ambao majina yao ni ya Wareno, na mdalasini uliotoka Uajemi. Hata mwembe wa bibi yangu jina lake limetoka Bara Hindi. Shamba lote la Unguja lingebaki na minazi na mibuyu, na hata hapo ningesimama nikiwa na wasiwasi.

Sisemi kwamba kila neno la kigeni lipewe kiti. Yapo maneno yanayoingia kwa kumsukuma mwenyeji aliyekuwa ameketi vizuri, na mshairi anayesema «stori» pale ambapo hadithi au kisa kinamtosha hajakopa chochote, amevunja tu chombo cha nyumbani. Lakini sasa najiuliza swali moja kabla ya kushika kalamu nyekundu: je, neno hili linajua jambo ambalo mbadala wake haulijui? Jocote kubwa isingejua reli. Ciruela ya ng'ambo isingewajua Wajamaika, wala isingetunza ile sauti inayotuambia walitamka nini siku walipolitaja tunda lao mbele ya wageni. Na mti mwekundu, je, ulijua nini?

Sikuwa na jibu, kwa sababu shairi lenyewe nilikuwa nimelisoma kwa vidole tu. Nilimtafuta yule binti, nikamwandikia barua. Nilimweleza habari ya yuplón kama nilivyowaeleza ninyi hapa, kisha nikamwomba radhi.

Alijibu baada ya siku tatu. Alisema baba yake alikuwa fundi mwashi, akifanya kazi miji ya mbali, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, Krismasi. Watoto hawakuwa na kalenda, ila mti wa mlangoni. Maua yakitokeza, mama yao alianza kufua mashuka ya wageni. Mwaka mmoja maua yalitokeza yakapukutika, na aliyekuja ni mtu wa kuleta habari ya ukuta ulioanguka. Ubeti wa nane ndio uliosema hayo, nami nilikuwa nao mkononi. «Nikiandika mti mwekundu, mwalimu,» aliniuliza, «baba atakuja mwezi gani?»

Aliongeza kwamba shairi halikukaa bure. Alilisoma nyumbani kwao siku ya misa ya kumbukumbu, likiwa na mkrismasi wake mahali pake, na shangazi zake wakalikariri. Hakuliomba tena nafasi katika diwani yoyote. Radhi yangu aliipokea kwa maneno mazuri, lakini nilielewa kwamba shairi halikuwa limeingojea.

*

Nimeirudia tafsiri yangu. Kwa siku kadhaa nilijadiliana na nafsi yangu kuhusu yale «matunda ya kigeni». Kuandika maembe sakua kungempa msomaji wa Unguja ladha yote, hata ganzi ya meno na hofu ya miiba. Lakini kungewaondoa Wajamaika katika uwanja wao wenyewe, nami nimekwisha kumwondoa baba mmoja katika mlango wake, sitaki kuyarudia. Kuandika yuplón kama lilivyo, na alama yake juu ya o, kungemwacha msomaji wangu nje kama nilivyoachwa mimi mwanzoni.

Nikakumbuka kwamba Kiswahili nacho kina namna yake ya kumvua mgeni viatu. Konsonanti ya mwisho tuliongezee irabu: yuploni. Wingi wake, mayuploni. Na hapa Kiswahili kinatoa kitu ambacho Kihispania hakikukitoa, kwa maana katika Kihispania cha Limón mti na tunda lake ni neno moja, kama ilivyo kwa mango na limón yenyewe. Sisi tunayo m- ya kutenganisha kinachopandwa na kinacholiwa.

Mahali pa kwanza neno lilipotokea nikaongeza maneno machache, kwamba ndilo tunda ambalo Unguja huitwa embe sakua, nikamwachia msomaji. Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: «Nyuma ya nyumba palikuwa na myuploni, nasi tuliupanda kila alasiri, tukachuma mayuploni mabichi na kuyachovya katika chumvi.»